Matembezi ya Olorgesailie: Mawe Yaliyoachwa Mahali Pake

Leo hatutaandika barua wala hatutafanya hesabu, ila moja tu, nayo itakuja baadaye. Leo nataka kukuchukua wewe msomaji kwa miguu katika njia fupi. Ni fupi hata mzee mwenye mkongojo aweza kuimaliza, lakini vitu vilivyolala kando yake vina umri wa miaka karibu milioni moja. Mahali penyewe paitwa Olorgesailie, katika nchi ya Wamaasai huko Kenya, kiasi cha kilomita 67 kusini-magharibi ya Nairobi.

Ukitoka Nairobi wapita Kiserian, kisha wafika Kona Baridi, na jina hilo si la uongo, maana upepo wa hapo hupenya koti. Kutoka hapo barabara yateremka, halafu yateremka tena. Unaingia katika Bonde la Ufa. Nyasi zapungua, miti yawa ya miiba, na joto lakupokea kama mtu aliyefungua mlango wa tanuri. Ungefuata barabara hiyo mpaka mwisho ungefika Ziwa Magadi, nawe walijua neno hilo kwa sababu ya magadi yatiwayo katika maharage ili yalainike upesi. Lakini sisi twaishia njiani, karibu na soko dogo la Oltepesi. Chukua maji ya kutosha na kofia. Nasema hivyo kwa kuwa mimi nilikwenda bila kofia, nikajuta.

Sasa simama kwanza, tazama nchi. Imekatwakatwa. Waona vilima vifupi visivyo na majani, kingo zilizobomoka, na makorongo makavu yaliyochimbwa na mvua. Bwana Shamba angepaona hapa angeshika kichwa, kwa maana udongo umeliwa na maji wala hakuna wa kuuzuia. Lakini kwa mtu atafutaye habari za kale, mmomonyoko huu ni neema. Maji ya mvua yamechimba bure shimo ambalo wanadamu wangelichimba kwa miaka mingi na kwa fedha nyingi.

Tazama tena ukingo wa korongo. Udongo wake haukuchanganyika, bali umekaa tabaka juu ya tabaka. Hapa ni mweupe kama unga wa muhogo, juu yake rangi ya majivu, kisha hudhurungi, kisha mweupe tena. Zamani palikuwa na ziwa hapa, ambalo lilijaa, likapungua, likakauka, likajaa tena, mara nyingi. Ule udongo mweupe ni mabaki ya vijimea vya majini, vidogo hata jicho halivioni, vyenye maganda magumu kama kioo. Vilipokufa vilizama, maganda yakarundikana chini ya ziwa mpaka yakawa mwamba mwepesi uitwao daiatomaiti. Tabaka za rangi ya majivu ni majivu kweli, yaliyotupwa na volkano. Nazo zile za hudhurungi ni udongo wa nchi kavu, wakati ziwa lilipokuwa limejitenga na watu na wanyama wakitembea juu yake.

Mpangilio huo wafanana na nguo zilizokunjwa sandukuni. Ya chini kabisa ndiyo iliyotangulia kuwekwa. Basi mfupa ulio katika tabaka ya chini ni wa zamani kuliko ulio juu yake. Lazima lakini uwe mwangalifu, kwa kuwa katika Bonde la Ufa ardhi yenyewe hupasuka na kudidimia, na upande mmoja wa tabaka waweza kuwa umeshuka chini ya mwenzake. Ndiyo sababu wataalamu hupima kila ukingo, hawakisii kwa macho.

Twende mbele. Njia yapita juu ya daraja la mbao, nawe waambiwa usishuke. Tazama chini. Mawe! Yamelala mengi mno, mengine yamebebana, kama viazi vilivyomwagwa kutoka katika gunia. Ukiyatazama upesi utasema ni mawe tu. Tazama moja, polepole. Lina umbo la yai lililobanwa, ncha moja imechongoka, na pande zote mbili zimepigwa vipande vidogo mpaka makali yakatokea. Jirani yake ni hivyo hivyo. Na la tatu. Mvua haichongi jiwe namna hiyo, wala mto. Hayo ni mashoka ya mkono, yasiyo na mpini, kazi ya wanadamu wa kale.

Mtu wa kwanza kuandika habari za mawe haya alikuwa John Walter Gregory, mtaalamu wa miamba kutoka Uingereza, aliyepita hapa mwaka 1919. Nasema wa kwanza kuandika. Wamaasai waliokuwa wakichunga ng'ombe katika makorongo haya bila shaka waliyakanyaga kila siku. Baada ya Gregory mahali pakasahauliwa na wenye vitabu mpaka siku za Pasaka mwaka 1942, Louis Leakey na mkewe Mary walipokuja kutafuta. Walitembea kwa kuachana, kila mmoja akitazama chini, wakayakuta karibu kwa wakati mmoja. Mwaka uliofuata uchimbaji ukaanza. Wakati huo ulikuwa wa vita vikuu, na baadhi ya waliochimba walikuwa Waitalia, mateka wa vita walioachiliwa kwa ahadi ya kutotoroka. Fikiri ajabu hiyo: mtu ameletwa Afrika kupigana, akaishia kupiga magoti juani akifagia vumbi kwa brashi ili aone jiwe la mtu asiyejulikana jina.

Hapo ndipo walipofanya jambo ambalo mimi naliona kuwa kubwa kuliko kuvumbua kwenyewe. Hawakuyakusanya mawe yote katika masanduku. Mengi waliyaacha yalipolala, wakajenga daraja la kutazamia, na mwaka 1947 mahali pakawa makumbusho ya wazi, palepale porini. Mwaka huohuo wataalamu waliohudhuria mkutano mkubwa wa mambo ya kale ya Afrika huko Nairobi waliletwa hapa wakaona kwa macho yao.

Kwa nini kuyaacha? Nitakuambia kosa langu. Nilipokwenda mara ya kwanza nilitoka kidogo kando ya njia, nikaona kipande cha jiwe cheusi chenye makali, nikakiokota. Nilifikiri nitakionyesha darasani. Kiongozi wa makumbusho, kijana mpole, hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mwalimu, kilikuwa kimelala juu ya udongo wa rangi gani?" Sikujua. "Kilikuwa karibu na mfupa?" Sikutazama. "Basi," akasema, "sasa hicho ni jiwe tu." Nikakirudisha, lakini hata kukirudisha sikuwa na hakika kwamba nakiweka pale pale. Katika Kenya iko sheria ya mwaka 2006 inayolinda mambo ya kale, naye anayeokota na kuondoka nayo avunja sheria hiyo. Lakini swali la kijana yule liliniuma kuliko sheria.

Maana habari haimo katika jiwe peke yake. Imo katika jiwe na mahali pake. Wewe unayejifunza kusoma wajua jambo hilo. Chukua herufi moja moja kutoka katika barua ya ndugu yako, uzitie mfukoni, uzitikise. Herufi zote unazo, ila barua huna tena.

Sasa ile hesabu niliyokuahidi. Wataalamu wajuaje miaka? Majivu ya volkano yana chembe ndogo zenye madini yaitwayo potasiamu. Sehemu ndogo ya potasiamu hiyo hubadilika polepole sana ikawa hewa iitwayo agoni, na hewa hiyo hunaswa ndani ya chembe. Wakati volkano inapotapika, moto huifukuza hewa yote ya zamani, kwa hiyo chembe yaanza upya. Ni kama mtungi unaovuja tone kwa tone katika bakuli tupu. Ukijua matone ni mangapi kwa saa, nawe ukipima maji yaliyomo katika bakuli, wajua mtungi umevuja tangu lini. Alan Deino na Richard Potts walipima chembe za majivu ya Olorgesailie kwa njia hiyo, na mwaka 1990 wakatangaza kwamba tabaka hizi zaanzia miaka 992,000 hivi na kuishia karibu 493,000. Vipimo vya baadaye vimezisogeza tabaka za chini kabisa nyuma hadi miaka milioni 1.2.

Miaka 990,000 ni kiasi gani? Kila mtu wa ukoo humjua baba, babu, na baba wa babu, na wazee hodari hufika vizazi kumi au zaidi. Tufanye kizazi kimoja ni miaka 25. Gawanya 990,000 kwa 25, wapata vizazi 39,600. Sasa keti, anza kutaja majina ya ukoo wako, jina moja kila sekunde, bila kunywa maji wala kupumzika. Ukianza saa moja asubuhi utamaliza saa kumi na mbili jioni. Yule atakayetajwa jua likizama ndiye angaliweza kulitupa jiwe lile chini ya daraja.

Na katika muda huo mrefu umbo la shoka halikubadilika sana. Miaka mia saba elfu, shoka ni lile lile! Wengine hucheka, husema watu wale walikuwa wajinga. Mimi sikubali upesi. Sururu ya babu yako na yako zafanana, wala hakuna aitwaye mjinga. Jiwe lenyewe ni gumu, na karibu yote waliyotumia yalitoka umbali usiozidi kilomita 5, mengi kutoka miamba ya mlima Olorgesailie uliosimama kusini ya hapa. Leakey mwenyewe alizoea kuchonga mawe mbele ya watu, kisha akamchuna mnyama kwa makali hayo, ili waone kwamba kifaa chafanya kazi. Jaribu kupiga jiwe kwa jiwe upate makali pande mbili, utaona kama ni kazi ya mjinga. Ila linda macho yako.

Mbele kidogo imo mifupa. Hii ni mifupa iliyogeuka kuwa mawe, ambayo vitabu vya sasa huiita visukuku. Mfupa uliofunikwa upesi na tope au majivu hauozi wote. Maji yenye madini huupenya, madini yakakaa mahali pa mfupa, mpaka mwisho umbo ni la mfupa nao uzito ni wa jiwe. Hapa utaambiwa habari za ndovu wa namna iliyokwisha duniani, mkubwa kuliko ndovu wetu, ambaye mifupa yake ilikutwa imezungukwa na vipande vya mawe vyenye makali. Kadhalika kuna kiboko ambaye macho yake yalitokeza juu kabisa ya kichwa.

Lakini wanyama walioleta mabishano ni nyani. Katika mahali pamoja palipochimbwa, mifupa mingi sana ya nyani wakubwa ilionekana pamoja na mashoka ya mawe. Nyani hao walikuwa wakubwa kuliko nyani wote wa leo, na jamaa yao aliyebaki yuko katika milima ya Ethiopia, anakula majani. Glynn Isaac, aliyefanya kazi hapa katika miaka ya 1960, alipohesabu mifupa hiyo alikuta ni ya nyani zaidi ya hamsini, wakubwa na watoto. Sasa amua wewe. Je, watu wa kale waliwavamia nyani hao usiku wamelala, wakawaua na kuwachinja?

Mwaka 1981 Pat Shipman na wenzake wawili waliandika kwamba ndiyo. Walitazama jinsi mifupa ilivyovunjika, wakaona imevunjika kwa namna ile ile tena na tena, kama kazi ya mtu anayejua viungo vya mnyama. Mwaka uliofuata Lewis Binford na Lawrence Todd wakajibu kwamba hoja hizo hazitoshi. Mifupa huvunjwa na mambo mengi, nao mto uwezao kukusanya mifupa waweza pia kukusanya mawe na kuyaweka mahali pamoja. Kuonekana pamoja si kuwa pamoja. Mtu akikutwa karibu na duka lililovunjwa si lazima awe mwizi, na hakimu mwema atauliza zaidi.

Mimi nawaonea imani wale wa kwanza, kwa sababu nyani peke yao, na kwa wingi ule, si jambo la kawaida. Lakini ningekuwa mzee wa baraza nisingemfunga mtu kwa ushahidi huo. Habari ya ndovu naiona ina nguvu zaidi, kwa kuwa vipande vyenye makali vimelala kando ya mnyama mmoja. Na tazama, shauri lote hili lingekufa kama mtu angekuja na mkokoteni akabeba mashoka kwenda kupamba nyumba yake.

Katika habari za hapa pana pengo. Baada ya tabaka za miaka 493,000 hivi ardhi iliinuka na kupasuka, mvua ikala udongo, na tabaka zinazofuata zaanza karibu miaka 320,000 iliyopita. Katikati hakuna kitu. Na tabaka zinapoanza tena, mashoka makubwa yamekwisha! Mahali pake pana vifaa vidogo, vyembamba, vingine vya kufungwa katika ncha ya mti. Mwaka 2018 Potts, Alison Brooks, Deino na wenzao walitangaza kwamba baadhi ya vifaa hivi vimechongwa kwa jiwe jeusi linalong'aa kama kioo, ambalo halipatikani hapa. Lilitoka umbali wa kilomita 25, mengine hata 95. Pia walikuta mawe mekundu na meusi ya kutolea rangi, na mojawapo lilikuwa na matundu yaliyotobolewa na mtu. Watu waliokuwa wakichukua mawe ya karibu na nyumbani sasa wana kitu cha watu wa mbali. Ama walikwenda, ama walibadilishana. Aliyefanya rafiki ng'ambo ya mlima aweza kumwendea mwaka wa njaa, na majirani zangu wa leo wafanya vivyo hivyo.

Nini kiliwabadilisha? Jibu limo katika lile pengo, nalo hapa halipo. Kwa hiyo mwaka 2012 wataalamu walikwenda uwanda wa Koora, kusini ya hapa, ambako tope la ziwa halikuliwa na mvua, wakatoboa ardhi mpaka kina cha meta 139 na kutoa udongo kama mtu atoavyo uboho katika mfupa. Mwaka 2020 walitangaza waliyosoma humo: katika miaka iliyopotea Olorgesailie, nchi ilianza kuyumba, maji na majani yakija na kupotea kwa namna isiyotabirika kuliko zamani.

Utaniuliza, na watu wenyewe wako wapi? Mawe ni maelfu, wanyama ni wengi, mwenye mawe hayuko. Swali hilo liliulizwa hapa kwa miaka sitini. Ndipo mwaka 2003 vikaonekana vipande vya fuvu la kichwa, sehemu ya paji la uso na sehemu ya upande wa kushoto, katika tabaka yenye miaka kati ya 900,000 na 970,000. Ni kichwa cha mtu mzima au aliyekaribia utu uzima, nacho ni kidogo, kidogo kuliko wengi walivyotazamia kwa mtu aliyechonga mawe makubwa namna ile. Mpaka mtu huyo alipoonekana, shoka tu ndilo lililomshuhudia.

Njia yetu yarudi pale tulipoanzia, penye kivuli. Kunywa maji.

Mwalimu wa darasa, kabla hamjaondoka, waulize wanafunzi shauri la nyani. Wanaosema waliuawa na watu wakae upande mmoja, wanaokataa wakae upande wa pili, na kila mmoja atoe sababu moja. Wawili wenye mwandiko mzuri waziandike sababu hizo ubaoni, tena zile za upande usio wao. Kwa herini.